Mwenye Nyumba Asiye na Nyumba

Nimepotea wiki mbili na si kwa kupenda. Kulikuwa na majaribio mfululizo, halafu kazi ya kikundi ya Falsafa ya Elimu ambayo, kama mnavyozijua kazi za kikundi, kikundi kilikuwa mimi na dada mmoja wa Songea. Wale wengine saba walikuwa majina kwenye jalada. Hayo tutayaongea siku nyingine. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe unahusu baa. Tena baa ya kijijini. Tena ya Uingereza. Najua mtauliza mwalimu mtarajiwa, ambaye kinywaji chake kikali ni soda ya tangawizi, anaingiaje huko. Subirini kidogo.

Naiweka hoja mbele kabisa ili asiye na muda aondoke nayo. Mtu anayechukua baa ya kale ya kijijini kwa mkataba wa kampuni hajaokoa historia, na mara nyingi hajapata biashara pia. Amejiandikisha kuwa mlinzi na fundi wa jumba la mtu mwingine, kwa fedha zake mwenyewe. Baa za namna ile huokoka pale wanaokunywa ndani wanapokuwa ndio wenye tofali. Hayo mengine mengi ni changa la macho.

Sasa kwa nini mimi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, huu ni mwaka wake wa tisa Uingereza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na shemeji, Mwingereza wa kule kule, anaendesha lori. Wameona tangazo la baa ya kijijini: jengo la miaka ya 1600, paa la nyasi, mahali pa kuotea moto pa mawe, dari ya magogo yaliyopinda, na juu vyumba vya familia kuishi. Eti inatafutwa familia ya kuiendeleza historia hiyo. Dada anataka kuuza kiwanja chake cha Kibaha, aongeze na akiba ya miaka yote hiyo, waichukue. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni shangwe tupu. Mjomba keshatangaza kwamba mtoto wetu anafungua hoteli Ulaya. Mimi niliandika swali moja tu, "Jengo ni la nani?", nikaambiwa niache uchuro. Basi kwa kuwa swali moja ni uchuro, naandika kurasa nzima. Dada mwenyewe kaniruhusu, ila kasema nisitaje jina lake wala kijiji.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe, maana ukisema baa hapa kwetu mtu anaona viti vya plastiki, nyama choma na spika inayotetemesha madirisha. Waingereza wanaita pabu, na neno hilo limekatwa kutoka kwenye maneno mawili yanayomaanisha nyumba ya umma. Kijijini kwao ni kweli umma unakutana pale. Bibi anakunywa chai, timu ya mishale inacheza, msiba ukimalizika kanisani watu wanakwenda kula pale, mbwa kalala chini ya meza. Tangu 2001 kuna shirika linaitwa Pub is The Hub, lililoanzishwa kwa wazo la Charles alipokuwa bado mwana wa mfalme, ambalo kazi yake ni kusaidia pabu za vijijini kubeba na huduma nyingine: duka, posta, maktaba ndogo. Maana duka la kijiji likifa na posta ikifa, mlango unaobaki wazi ni huo mmoja.

Na kuna Tan Hill Inn, huko milimani Yorkshire, pabu iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 kutoka usawa wa bahari. Mwisho wa Novemba 2021 dhoruba waliyoiita Arwen ilimwaga theluji mpaka barabara zikapotea, na watu kama 60 waliokwenda kusikiliza bendi wakalala pale siku tatu. Walilala chini, wakala pamoja, wakafanya maswali na majibu, wakaimba. Dunia nzima iliripoti kwa kicheko, lakini mimi naona somo. Usiku ule ile nyumba haikuwa duka la bia. Ilikuwa nyumba ya umma kama jina lake linavyosema.

Kwa hiyo simpigi mtu anayependa pabu. Nampiga anayeitumia mapenzi hayo kuuza mkataba mbaya.

Hebu sikilizeni hiki kioja cha lugha. Kule England anayeendesha pabu, anayefungua asubuhi, anayefuta kaunta, anayetoa mlevi nje saa tano usiku, wanamwita kwa neno lile lile wanalomwitia mwenye nyumba ya kupanga. Yaani mwenye nyumba! Hata kama hamiliki tofali moja. Hata kama yeye ndiye analipa kodi. Wateja wanamsalimu mwenye nyumba, gazeti la wilaya linamwandika mwenye nyumba mpya, na yeye mwenyewe anaanza kuamini. Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa kwamba jina unalompa mtoto darasani linaweza kumjenga au kumpofusha. Hili linapofusha. Mtu akiitwa mwenye nyumba asubuhi mpaka jioni, hatauliza tena hati iko kabati la nani.

Iko kabati la kampuni. Na kampuni imejipangia vizuri.

Dada alinisomea mkataba kwa simu, kipengele kwa kipengele, usiku wa manane maana ndipo anapotoka kazini. Ni mkataba wa miaka 10. Kipengele cha kwanza kilichonitoa usingizini ni kwamba mpangaji anabeba matengenezo yote na bima yote. Yote: paa, kuta, bomba la moshi, mfereji wa maji machafu. Mikataba mirefu ya pabu kule mingi ndivyo ilivyo, si huu tu. Sasa unganisha na ule uzuri wa tangazo. Paa la nyasi maana yake fundi maalumu, si bwana yeyote mwenye ngazi. Dari ya magogo ya miaka ya 1600 maana yake wadudu na unyevu. Jengo lenyewe limeorodheshwa kuhifadhiwa kisheria, daraja la pili. Jengo la namna hiyo huwezi kubadilisha sura yake, ndani wala nje, bila kibali cha halmashauri. Kufanya hivyo ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, na mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini isiyo na ukomo. Siku ya kuondoka mkaguzi wa kampuni anapita na daftari, anaandika kila ufa, na bili inakwenda kwa anayeondoka.

Nauliza tena, wadau. Historia ni ya nani hapo? Uzee wa jengo unapandisha thamani ya mwenye hati na unapandisha gharama za mpangaji. Jengo ni lile lile moja, ila mmoja analipwa nalo na mwingine analilipia. Halafu yule anayelilipia ndiye anaambiwa ana bahati ya kurithi historia.

Kipengele cha pili ni bia. Mpangaji anafungwa kununua bia kwa kampuni hiyo hiyo, kwa bei ya kampuni, hata kama kiwanda kilichoko kilomita mbili kinauza nafuu. Wenyewe kule wana maneno yao: kodi ya jengo wanaiita kodi kavu, na ile nyongeza iliyojificha ndani ya bei ya bia wanaiita kodi ya maji. Nimeyapenda maneno hayo, yanasema ukweli kuliko tangazo. Unalipa kodi mara mbili, mara moja kwa hundi na mara moja kwa kila glasi.

Haya hayakushuka kutoka mbinguni. Zamani viwanda vikubwa vya bia ndivyo vilikuwa na maelfu ya pabu. Mwaka 1989 tume ya serikali ya kuchunguza ukiritimba ikasema hapana, na amri ikatoka kwamba kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kilegeze minyororo kwenye nusu ya zile zilizozidi. Viwanda vikafanya nini? Vikauza pabu kwa makampuni mapya yasiyopika bia hata tone. Kwa kuwa hayapiki, amri haikuyagusa! Makampuni hayo yakakopa, yakanunua pabu kwa maelfu, na deni lao lote likawa linategemea kodi kavu na kodi ya maji. Kama huo si usanii, sijui usanii ni nini. Sheria ilitungwa kumfungua mpangaji, mwisho wake akabadilishiwa tu mwenye mnyororo.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mjomba anapenda kusema Wazungu wanakunywa sana kwa hiyo hasara haipo. Bia ya jadi ya Kiingereza, ile inayomvuta mtalii na mzee wa kijiji, inaendelea kuchachuka ndani ya pipa. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, kama lita 41. Inakaa kwenye stoo ya chini yenye ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13. Ukishalifungua una kama siku tatu tu, baada ya hapo ladha inaharibika na inaelekea kuwa siki. Painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kwa siku, kwa pipa moja tu. Na pabu yenye heshima haiweki aina moja, inaweka mbili au tatu. Sasa nipeleke kijijini, Jumanne ya Februari, giza limeingia mapema, mvua na barafu, wateja ni wazee wanne na mbwa. Mzee mmoja anakunywa painti mbili akizungusha glasi saa tatu nzima. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza: wanne mara mbili ni nane. Zilizobaki unamwaga, nawe ulizinunua kwa bei ya kufungwa.

Ongeza kodi ya serikali kwenye bia, ongeza VAT ya asilimia 20, ongeza bei za umeme na gesi zilizoruka mwaka 2022. Ongeza na supamaketi inayouza makopo kwa bei ambayo pabu haiwezi kuigusa. Ndiyo maana nchi iliyokuwa na pabu zaidi ya 60,000 mwaka 2000 ilibaki na kama 45,000 mwaka 2024. Watu hawa 15,000 na ushee waliofunga milango hawakuwa wavivu wote, jamani.

Najua kuna msomi hapo ananyoosha kidole: sheria imerekebishwa. Ni kweli, na nitamtendea haki. Novemba 2014 wabunge wa Uingereza waliiangusha serikali yao kwa kura 284 dhidi ya 269 ili mpangaji apate haki ya kujitoa kwenye bia ya kampuni na kulipa kodi ya soko tu. Kanuni zikaanza kazi Julai 2016, na kuna msimamizi maalumu wa kuzisimamia. Kanuni hizo hata zinataka mpangaji mpya apewe mafunzo na aandike mpango wa biashara kabla ya kusaini. Lakini someni mstari wa chini: zinahusu makampuni yenye pabu 500 au zaidi zilizofungwa, katika England na Wales. Kampuni yenye pabu 200? Haimo. Na hata kwa kampuni kubwa haki hiyo haipatikani siku yoyote ukiamka, inasubiri tukio: kodi kupitiwa upya, mkataba kuhuishwa, bei kupanda ghafla. Kampuni ya lile tangazo la dada ni ndogo. Nilimwambia ahesabu, akahesabu kwenye tovuti yao, pabu hazifiki 100. Kwa hiyo ule ushindi wa kura 284 ni wa jirani.

Kuna jambo baya zaidi ya hasara. Mwenye hati anaweza kuuza. Agosti 2023 dunia iliona. Kulikuwa na pabu inaitwa Crooked House, kule Himley, Staffordshire, jengo la mwaka 1765 lililolalia upande mmoja kwa sababu ya machimbo ya makaa chini yake, ndiyo likaitwa nyumba iliyopinda. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuona marumaru ikipanda mlima juu ya meza. Kampuni ya bia iliyokuwa inaimiliki iliiuza Julai 2023. Tarehe 5 Agosti ikaungua. Tarehe 7 Agosti likaja tingatinga likaisawazisha chini, wakati halmashauri ilikuwa imekubali ipunguzwe sehemu ya juu tu kwa usalama. Polisi waliuchukulia moto ule kama wa kuchomwa. Februari 2024 halmashauri ya South Staffordshire ikatoa amri ijengwe upya, wenye mali wakakata rufaa. Waliolia pale kwenye kifusi walikuwa wamekunywa humo tangu ujana wao, na hakuna aliyewauliza wakati wa kuuza. Kisheria, miaka yote hiyo ya mapenzi haikuwapa hata ufunguo mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka kwa waliofanya vingine.

Kaskazini-magharibi mwa Wales, kwenye rasi ya Llŷn, kuna kijiji cha Llithfaen. Kiwelisi ndiyo lugha ya mtaani huko, watoto wanaisema, wazee wanaisema. Mwaka 1988 wanakijiji waliichukua pabu yao kwa ushirika. Inaitwa Tafarn y Fic. Wewe msomaji wa Kiswahili unaelewa haraka kuliko mtu wa London maana ya mahali ambapo lugha ndogo inatawala kaunta bila kuomba samahani. Lugha haiishi kwenye kamusi na darasani peke yake, nasema hili nikiwa nasomea kuifundisha. Inaishi pale watu wanapotaniana, na wanakijiji wale wameshika ufunguo wa pahali hapo kwa zaidi ya miaka 35.

Halafu Hesket Newmarket, kijiji cha Cumbria kaskazini mwa England. Nyuma ya pabu yao, Old Crown, kulikuwa na kiwanda kidogo cha bia tangu 1988. Mwenye kiwanda alipotaka kupumzika, mwaka 1999 wanakijiji wakaunda ushirika wakakinunua. Mwaka 2003 pabu nayo ikawa inauzwa, wakachanga tena, watu zaidi ya 100, wakainunua. Bia inapikwa uani, inanyweka mbele, na jengo ni la wanywaji. Kodi kavu na kodi ya maji zote zinabaki kijijini.

Tangu sheria ya mwaka 2011 kuna mlango mwingine upande wa England. Wanakijiji wanaweza kuiomba halmashauri iandikishe pabu kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye hati akitaka kuuza, kikundi cha kijiji kina wiki sita kusema tunaitaka, na kikisema hivyo, mauzo yanasimama hadi miezi sita ili wachange. Halazimiki kuwauzia wao, hapo sheria ni dhaifu na nailaumu. Lakini miezi sita imewatosha wengi. Ya kwanza kuandikishwa ilikuwa ya mjini, Ivy House ya kusini mwa London, na mwaka 2013 wenyeji wakainunua. Leo pabu za jamii Uingereza zimepita 100.

Sasa nasikia kelele kutoka Kilimanjaro mpaka Mwanza: ushirika? Wewe mtoto, ushirika tunaujua! Sawa, na nawaheshimu. Sheria ya kwanza ya ushirika ya Tanganyika, ya 1932, ililetwa na Waingereza hao hao, na KNCU ya wakulima wa kahawa ikaandikishwa 1933. Wazee wetu wakaukuza. Halafu mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu kwa mkupuo, mpaka sheria mpya ya 1982. Wengi wenu mna babu aliyepeleka kahawa au pamba akalipwa karatasi. Kwa hiyo ukisema ushirika, mtu anashika mfuko.

Lakini tazama tofauti. Chama kikuu kilikuwa mbali, kikishika mazao ya maelfu ya watu wasiojuana, na serikali juu yake. Pabu ya kijiji ni jengo moja ambalo kila mwanahisa analiona akienda kuchukua mkate. Mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa ya paundi chache au nyingi. Vingi vya vyama hivi vimeandikishwa kwa namna ambayo mali haiwezi kuuzwa wakagawana faida. Mhasibu akiiba, atakunywa wapi Jumamosi? Haya ya Llithfaen ni ya tangu 1988. Sisemi hayana ugomvi, palipo na watu kuna ugomvi. Nasema ugomvi wa wenye nyumba ni bora kuliko umoja wa wapangaji wanaosubiri tingatinga.

Wengine watasema wapo watu binafsi waliochukua pabu za kale wakafanikiwa. Wapo, kabisa. Ukiwachunguza wengi wao ni walionunua jengo lenyewe, wananunua bia wanakotaka, na wana vyumba vya kulaza wageni au jiko linalovuta watu kutoka mjini. Wale ni wenye nyumba wa kweli. Usichukue picha yao ukabandika kwenye mkataba wa mpangaji. Huko ndiko kuingizwa mjini, hata kama mji wenyewe ni kijiji.

Kwa hiyo kwa dada, na kwa yeyote wa kwetu huko ughaibuni anayeota kitu kama hiki, nasema hivi. Sikukatazi pabu. Wewe unayeweza kuwatuliza wazee 30 zamu ya usiku, kaunta ya kijiji utaiweza kuliko wengi. Pabu za jamii nazo hutafuta watu wa kuziendesha, maana wanahisa 100 hawawezi kushika bomba moja la bia. Tafuta hizo. Utakuwa mpangaji, ndiyo, ila wa watu wanaotaka ufanikiwe kwa sababu wanataka mahali pa kukaa, na paa likivuja linavuja la kwao. Na kwa ile ya tangazo, kabla kiwanja cha Kibaha hakijapata dalali, andika maswali haya na yajibiwe kwa maandishi: Paa nani anatengeneza? Lilikaguliwa lini na mtu asiyelipwa na kampuni? Bia nanunua wapi, na kwa bei gani ukilinganisha na soko? Wapangaji wangapi wamepita miaka 10 iliyopita, na kwa nini waliondoka? Nikiondoka naondoka na nini? Jibu la swali la mwisho likiwa "na kumbukumbu nzuri", funga daftari.

Na kwa kijiji hicho nisichokitaja: kama kweli mnaipenda hiyo nyumba, acheni kutafuta familia ya kuimwagia akiba yake kila baada ya miaka mitatu huku mkipiga makofi. Andikisheni, changeni, nunueni. Mgeni akija na fedha zake zote kuokoa historia yenu, na nyinyi hamjatoa hata paundi 50, hapo mnamtumia.

Mjomba akisoma hii atasema nimesoma sana. Sijasoma sana, ndiyo kwanza mwaka wa pili. Lakini najua kusoma mkataba, na najua jina la kitu si kitu. Nyumba ikiitwa ya umma, umma uonyeshe hati. Mtu akiitwa mwenye nyumba, aonyeshe nyumba.

Naomba kuwasilisha. Taa za hosteli zinazimwa, na saa moja asubuhi nina kipindi cha Saikolojia ambacho mhadhiri anaita majina mwenyewe.